Kongamano, kwaya, Kipaimara au kikundi cha watu wanane: kijana Mkristo wa Mtwara na Lindi asaidiwe na nini kwanza?

Kila Januari, halmashauri za walei na mabaraza ya wazee wa kanisa huku kwetu Kusini hukaa kupanga mwaka. Ikifika zamu ya vijana, mjadala ni ule ule. Mmoja anataka sare mpya za kwaya. Mwingine anataka basi la kwenda kongamano. Katekista anakumbusha kwamba darasa la Kipaimara, lile la vijana kuimarisha ubatizo wao, halina vitabu, na mama mmoja aliyekaa nyuma anauliza mbona vijana wenyewe hawaonekani tangu korosho zilipoanza kudondoka. Hela ni ile ile na Jumamosi ni ile ile, kwa hiyo lazima kuchagua.

Ulinganisho huu ni kwa wanaobeba uamuzi huo: mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili, mlezi wa vijana asiye na bajeti, padre au mchungaji mwenye vigango vingi na pikipiki moja. Nina upande, na nitausema waziwazi. Nimelea vijana muda wa kutosha kuona nani anabaki na nani anapotea, na katika kila njia ninaangalia kwanza kama kuna mtu mzima anayemjua kijana huyu kwa jina na kwa shida zake, kisha kama kijana mwenyewe amepewa kazi ya kufanya au anakaa kutazama.

Kuna kipimo kingine, nacho ni kikali zaidi. Kijana wa Newala, Nachingwea au Tandahimba akimaliza kidato cha nne, mara nyingi haikai miezi mingi kabla hajaenda Dar es Salaam. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kulala njiani. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe pale Rufiji mwaka 2003, na lami ikafuata, mtoto anapanda basi alfajiri na jioni yuko Mbagala, mlangoni mwa jiji. Kule hakuna katekista anayemfahamu wala bibi wa kumgongea mlango Jumapili asubuhi. Basi, chochote tunachompa leo akiwa na miaka 14 kipimwe kwa Jumapili yake ya kwanza Mbagala. Je, ataamka mwenyewe? Na Jumatatu, bosi wake akimwambia apunje wateja kwenye mizani, atakumbuka yeye ni nani?

Kongamano na kikundi kidogo

Nianze na hivi viwili kwa sababu ndivyo vinavyogombea hela.

Kongamano, au Pasaka ya Vijana kama wengi tunavyoiita, lina thamani ambayo watu wa mikoa yenye Wakristo wengi hawaioni haraka. Huku pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, kijana Mkristo anaweza kuwa peke yake darasani. Hajawahi kuona vijana mia kadhaa wa rika lake wakiimba wimbo anaoujua, wala kusikia kijana kutoka Masasi au Liwale akisimama kusema anavyosali. Anaporudi kwao, anajua hayuko peke yake. Hilo siyo jambo dogo, na anayebeza makongamano nadhani hajawahi kuwa Mkristo pekee kwenye dawati.

Lakini tuangalie gharama yake kwa macho makavu. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 200 kwa njia ya Ndanda na Mnazi Mmoja. Nauli, mchele, maharage, kuni, mahali pa kulala wasichana na walezi wa kike wa kukaa nao usiku: ukijumlisha hivyo, parokia ya kijijini imemaliza fungu la vijana la mwaka mzima kwa siku tatu. Mhubiri ni mgeni. Usiku wa Jumamosi vijana wanalia, wanainua mikono, wanaandikwa majina. Jumatatu wako shuleni, na yule aliyewaliza yuko safarini kurudi kwao. Majina yale ya usiku ule, nawasihi walezi wenzangu, msiyaandike kwenye taarifa ya mwaka kama mavuno. Subirini miezi sita, kisha hesabuni upya.

Kikundi kidogo ni vijana sita hadi kumi na watu wazima wawili, mwanamke na mwanamume, kila wiki, saa moja na nusu. Wanasoma kifungu kimoja, wanauliza, wanasali wao kwa wao, wanaagana na jambo moja la kufanya kabla ya wiki ijayo. Gharama yake ni Biblia na muda wa watu. Kwa Wakatoliki wazo hili halina ugeni wowote, kwani maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji tangu miaka ya 1970. Tatizo ni kwamba jumuiya zetu zimekuwa za wazazi. Kijana anakuja alfajiri ya Jumamosi akisinzia, anakaa kwenye mkeka wa nyuma, anasikiliza habari za michango, anarudi nyumbani. Anahitaji kikundi ambamo swali lake ndilo ajenda.

Nitoe mfano mmoja wa kikundi ninachokifahamu, kinachokutana barazani kwa nesi mmoja maeneo ya Chikongola, Mtwara mjini. Msichana wa kidato cha tatu alikuja na swali la rafiki yake wa dawati: "Dada, ananiuliza, kama Mungu ni mmoja, Yesu alikuwa anamwomba nani?" Nesi hakujibu. Akamuuliza, "Na wewe ulimjibuje?" "Nilinyamaza." Mvulana mmoja akadakia, "Mimi ningemwambia ashike dini yake aniache na yangu." Wenzake wakacheka. Nesi akamgeukia, "Ukimjibu hivyo, mdogo wangu, kesho atakuuliza kitu tena?" Kimya. Ndipo wakafungua Mathayo sura ya 3, ubatizo wa Yesu: Mwana yuko majini, Roho anashuka kama hua, sauti ya Baba inatoka mbinguni. Wakasoma mara mbili, wakabishana, kila mmoja akajaribu kueleza kwa maneno yake. Msichana hakupewa jibu la kwenda kumshinda rafiki yake. Aliambiwa aende akamweleze anachoamini yeye, na amuulize na yeye anasalije. Juma lililofuata, kabla hata ya sala ya kufungulia, nesi akasema, "Ehe, ilikuwaje?"

Kongamano haliwezi kuuliza "ilikuwaje". Kwangu tofauti yote iko hapo.

Hata historia ya mashahidi wa Uganda, tunaowakumbuka kila tarehe 3 Juni, inasimama upande huu. Kizito alikuwa na miaka kama 14 alipouawa Namugongo mwaka 1886. Imani yake haikutoka kwenye mkutano mkubwa. Ilitoka kwa Karoli Lwanga, kijana aliyemzidi umri, aliyeishi naye katika nyumba ya mfalme wa Buganda, akamfundisha na kumlinda kila siku, na mwishowe kumbatiza usiku mmoja kule Munyonyo walipojua hatari imefika. Kila Kizito alikuwa na Lwanga wake karibu.

Udhaifu wa kikundi kidogo ni kwamba kinasimama au kuanguka na mlezi. Walimu na manesi, ambao ndio walezi wetu bora, huhamishwa. Ndiyo maana nasema wawili, asiwe mmoja, na mmoja wao awe mwenyeji asiyehamishika. Kuna jambo jingine zito. Mtu mzima akipewa watoto wa watu bila utaratibu, baya linaweza kutokea, na kanisa likisema "yule ni mtu wa Mungu" halijamlinda mtoto. Kikundi kikutane mahali pa wazi, mchana, wakiwepo watu wazima wawili, wazazi wakijua ni wapi na hadi saa ngapi. Hakuna mlezi wa kukaa faragha na kijana chumbani, hata kwa maombi. Parokia isiyoweza kutimiza hayo isianzishe kikundi.

Kama mna hela ya kimoja tu, chukueni kikundi. Kongamano liwe kila baada ya miaka miwili, tena waende kama kikundi na walezi wao, ili wakirudi wawepo watu wa kulizungumza.

Kwaya

Wapo walezi wenye bidii wanaoidharau kwaya. Siko pamoja nao. Kijana wa kwaya ana ratiba, ana nidhamu ya sauti na ya saa, na maneno ya imani yameshakaa kichwani mwake kwa namna ambayo hakuna mahubiri yanayoweza kuyaweka. Na kwa kile kipimo cha Mbagala kwaya inafanya vizuri ajabu. Mwimbaji akifika mji mgeni, hutafuta kwaya. Jumapili ya pili yuko kwenye mazoezi, ya tatu ana marafiki, na kiongozi wa kwaya anamuulizia asipoonekana. Kati ya vijana walioondoka huku nikajua hawakupotea, wengi waliokolewa na sauti zao.

Kinachoiharibu kwaya ni michango ya sare inayomfukuza mtoto wa maskini, na hamu ya kurekodi inayogeuza ibada kuwa maandalizi ya video. Liko pia lile la waimbaji kutoka nje mahubiri yakianza, wakarudi kwenye sadaka. Dawa yake haina gharama: dakika kumi za mwanzo wa mazoezi, mwalimu wa kwaya aulize maneno haya yametoka wapi kwenye Biblia na yanatudai nini. Mwalimu asiyeweza kuuliza hivyo apewe msaidizi. Kwaya yenye dakika hizo kumi naiweka ya pili baada ya kikundi, na penye uhaba wa walezi naiweka ya kwanza.

Kipaimara, na lile linaloshindana nacho

Hapa ndipo makanisa yetu, Katoliki, Anglikana na Kilutheri, yanapotumia nguvu nyingi na kupoteza vijana wengi. Darasa linachukua miezi mingi. Watoto wanakariri amri, sakramenti, sala, kanuni ya imani. Askofu au mchungaji anawapa Kipaimara, picha zinapigwa, pilau linaliwa. Baada ya hapo wengi wanakichukulia kama mahafali: wamemaliza. Wiki mbili baadaye benchi la vijana liko tupu, na katekista anaanza na kundi jipya.

Mafundisho yenyewe siyalaumu. Kijana asiyejua kanuni ya imani hana cha kusimamia akiulizwa, na kikundi kisicho na mafundisho huishia kuwa mazungumzo ya hisia. Ninacholalamikia ni kwamba tumeweka kilele mahali pa mlango.

Linganisha na jando na unyago. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wanajua kumvusha mtoto kwenda utu uzima. Wanamtoa katika shughuli za kawaida, wanamkabidhi kwa kungwi au somo, mlezi wake ambaye ni mtu mmoja mahususi, wanamfundisha kwa nyimbo, wanamrudisha mbele ya kijiji kizima akiwa na nguo mpya, na kuanzia siku hiyo anatendewa kama mtu mwingine. Somo wake haachi kuwa somo wake. Akiolewa, akizaa, akikosana na mume, yule mama bado ana neno la kusema. Tukubali kwamba kwa kushika mtu na kutomwachia, ngoma hizi za jando na unyago zinatuzidi.

Kanisa la Masasi liliwahi kuliona hilo. Vincent Lucas, mmisionari wa UMCA, shirika la wamisionari Waanglikana, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, pamoja na mapadri Waafrika waliokuwa wakiijua mila hiyo kutoka ndani, hawakuona faida ya kupiga jando marufuku. Waliandaa jando la Kikristo: wavulana walikwenda kumbini, yaani kambi ya jando, wakiwa chini ya uangalizi wa kanisa, wakisali na kufundishwa, yasiyopatana na Injili yakaondolewa, na kutoka kwao kukawa jambo la shukrani kanisani. Watu wamebishana sana juu ya jaribio lile, na kila upande una hoja. Mimi ninachokichukua ni kwamba lilimtazama mtoto wa umri ule kama mtu anayevuka na anayehitaji kushikwa mkono na mtu mzima.

Leo familia nyingi za Kikristo bado hucheza ngoma likizo ya Juni au Desemba, mara nyingine bila paroko kujua. Mbele yetu ziko njia tatu. Kukemea madhabahuni: wanafanya kwa siri, na mtoto anajifunza kuishi maisha mawili. Kunyamaza: mtoto anapokea mafundisho ya mwili na ndoa upande mmoja tu, mengine mazuri ya heshima na usafi, mengine ya kumharakisha kwenye mambo ambayo umri wake hauyawezi, na darasani tunaona matokeo yake msichana anapoacha shule. Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: wanawake wenye busara wa kanisani, baadhi yao makungwi wenyewe, wakae na wasichana kabla na baada, wanaume wafanye hivyo kwa wavulana, wazungumzwe mwili, hedhi, mimba, heshima, simu na wanaume wenye pikipiki, kwa lugha wazi, Biblia ikiwa mezani.

Na kuna kitu ambacho tayari tunacho, tumekiacha kilale. Kila kijana wa Kipaimara ana msimamizi. Kwa kawaida huyo huteuliwa wiki ya mwisho, mara nyingi kwa kuangalia nani anaweza kuleta zawadi nzuri. Anaweka mkono begani mwa mtoto siku ile, anakula pilau, anaondoka. Mzazi, mchague msimamizi miezi sita kabla. Awe anaishi umbali wa kutembea kwa miguu, awe mtu wa sala, na awe amekubali kazi: kumwona kijana angalau mara moja kwa mwezi kwa miaka miwili baada ya Kipaimara. Asije na godoro wala seti ya vyombo, aje mwenyewe. Parokia ikitaka kubadilisha jambo moja tu mwaka huu bila kutoa shilingi, ibadilishe hili.

Shule

Zamani misheni na shule vilikuwa kitu kimoja. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizipeleka shule za misheni mikononi mwa serikali, na Chidya na Ndanda ambako wamisionari waliwalea vijana kwa miongo ni sekondari za serikali hadi leo. Kwa hiyo kilichobaki ni kipindi cha dini na vikundi vya wanafunzi: UKWATA kwa Waprotestanti, TYCS kwa Wakatoliki, CASFETA kwa Wapentekoste.

Uzuri wa vikundi hivi ni kwamba vijana wanajiongoza. Binti wa kidato cha tatu anakuwa katibu, anaandaa ibada, anatafuta mhubiri, anapatanisha waliogombana. Kwa swali langu la kazi, hapa alama ni za juu. Kwa swali la mtu mzima wa karibu, alama ni za chini, kwa sababu mwalimu mlezi mara nyingi ni jina tu kwenye karatasi, na hapo ndipo mikesha isiyo na mwisho na ubishi wa dhehebu gani ni la kweli huingia. Mwenye mtoto wa bweni asibaki kumjua matroni peke yake. Amtafute na mlezi wa kikundi, ampigie simu mara moja kwa muhula. Anayesoma kutwa ana kikundi cha parokiani, kwa hiyo cha shule kiwe nyongeza.

Kuhusu makundi ya WhatsApp na mahubiri ya mtandaoni nitasema machache: yanasaidia kutangaza mkutano na kutuma kifungu, lakini wanafunzi wetu wengi hawana simu zao, na mwenye nayo hawezi kulelewa na mtu asiyemwona usoni.

Nyumbani

Njia zote nilizotaja zinaelea kama hii haipo. Utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka 2002 na 2003, uliohoji vijana zaidi ya 3,000 wa miaka 13 hadi 17 na kuwafuatilia hadi ukubwani, ulionyesha kwamba katika yote yanayoathiri imani ya kijana, wazazi ndio wenye uzito kuliko wengine. Marekani siyo Ruangwa, lakini sijaona huku kitu kinachonishawishi kinyume. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 ilikwisha kuagiza hivyo: uyazungumze uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo.

Wazazi wengi wanadhani hili linahitaji elimu ya dini. Linahitaji dakika kumi. Baada ya chakula, kabla watu hawajatawanyika, somo fupi, kila mtu aseme jambo moja la kumshukuru Mungu na jambo moja linalomsumbua, sala, kulala. Baba awepo. Nasisitiza baba, kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi dini imeachiwa mama, na mvulana akifika miaka 15 anaona kusali ni mambo ya wanawake. Na msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, ambapo watu wanahamia shambani na makanisa yanapungua, sala ihamie huko huko chini ya mikorosho. Mkiwa mnaokota, mikono ina kazi, macho yako chini, kijana atakuuliza mambo ambayo asingethubutu kuuliza mkitazamana.

Aone pia mnavyoishi. Hela ya mnada wa korosho ikiingia, kijana anaangalia nani analipwa kwanza: kibarua mliyemwahidi, au mwenye duka la bia.

Sasa nyumba mchanganyiko, ambazo kwetu ni nyingi mno. Baba Mwislamu mama Mkristo, au bibi aliyemlea mtoto ni Mwislamu, au shangazi wote wanafunga Ramadhani. Vitabu vingi vya malezi vimeandikwa kana kwamba nyumba hizi hazipo. Lakini Timotheo mwenyewe alitoka katika nyumba ya namna hiyo. Matendo 16 inasema mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini na baba yake Myunani. Na Paulo, akimwandikia barua ya pili, anaitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Mtu mmoja au wawili waaminifu ndani ya nyumba walitosha.

Kwa kijana kama huyo, usichague kikundi kinachojengwa kwa kuwatukana Waislamu. Vipo, na vinavutia, kwa sababu kijana aliyezoea kuwa mchache anafurahi kusikia kwamba yeye ndiye mshindi. Imani ya namna hiyo haidumu, na inamtenganisha na bibi yake. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unamtaka awe tayari kumjibu kila anayemuuliza habari za tumaini lake, lakini kwa upole na heshima. Aende futari akialikwa, amsalimie babu kwa adabu, amsaidie shangazi kuandaa Idd, na Jumapili aende kanisani bila kificho. Wasichana waelezwe mapema, bila vitisho, kwamba siku moja atakuja mchumba na sharti la kubadili dini, na kwamba jibu la siku hiyo huandaliwa miaka mingi kabla.

Kazi

Katika njia zote hizi, kijana anayetoa hubaki kuliko anayepokea tu. Mpe watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto wa Kikatoliki, au wa shule ya Jumapili awafundishe. Hakuna anayejifunza hadithi ya Yusufu kwa undani kama anayejua Jumapili ataulizwa na watoto wa miaka saba. Wapelekeni wagonjwa wodini Ndanda au Nyangao, hospitali zilizotokana na kazi ya Wabenediktini, wakafue nguo za mgonjwa asiye na ndugu. Wakamchotee maji mjane.

Kwa hali yako, uchague nini?

Mwenye mtoto wa miaka 12 au 13 anayeanza mafundisho, aanze na sala ya nyumbani na msimamizi wa karibu. Kwaya ifuate kama anapenda kuimba. Asikimbilie kongamano bado.

Mwenye mtoto aliye Mkristo pekee darasani, pwani ya Kilwa au Lindi vijijini: hapa nageuza mpangilio wangu. Kongamano liende mbele, hata kwa kukopa nauli, kwa sababu upweke ndio unaomuumiza. Kisha mtafutieni kijana mwingine mmoja wa karibu, hata kama ni wa dhehebu jingine, wasali pamoja.

Kijana aliyekwisha kukataa kwenda kanisani asiburuzwe. Apewe kazi inayomfaa, kurekebisha vipaza sauti, kuendesha pikipiki ya mchungaji kwenda kigangoni, na mtu mzima mmoja awe rafiki yake bila kumhubiria. Mzazi aendelee kusali mezani akiwepo.

Anayeondoka kwenda Dar asiondoke na barua ya utambulisho peke yake. Aondoke na jina na namba ya mtu, awe ndugu wa kanisani au kiongozi wa kwaya wa kule aendako, aliyekwisha kupigiwa simu na anayemsubiri.

Na parokia isiyo na mlezi hata mmoja, inayosema "sisi hatuna watu", ifanye hivi: wapeni vijana vipande vya karatasi, kila mmoja aandike bila jina lake watu wazima watatu wa hapa kijijini ambao angewaeleza shida yake. Majina mawili matatu yatajirudia, na huenda yasiwe ya viongozi. Atatokea fundi cherehani, mama anayeuza maandazi, mwalimu mstaafu. Padre au mchungaji achunguze mwenendo wao, kisha aende nyumbani kwao kwa miguu yake awaombe. Waanze na vijana sita. Waanze mwezi wa pili au wa tatu, ili ikifika Oktoba kikundi kiwe kimekomaa kiasi cha kuweza kukutana hata shambani.